Mchumba Aliyekataa Kiti

Siku ya posa yangu nilifungiwa chumbani kama mgonjwa wa surua, na hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Nina miaka ishirini na tisa. Ni muuguzi, nimezalisha nusu ya watoto wa kitongoji chetu, wanaume wazima wananivulia shati niwachome sindano bila kubisha. Lakini Jumamosi ile shangazi Beatha alinisukuma ndani, akavuta pazia, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Raheli, leo wewe huna mdomo," akasema. "Mdomo wako ni baba yako mkubwa."

"Posa ni yangu, shangazi."

"Posa ni ya ukoo. Yako ni harusi, kama itakuwepo. Kaa kitandani."

Nikakaa. Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na kuna watu ambao huwezi kuwajibu hata ukiwa na cheti cha serikali. Alipokwenda jikoni kuangalia makande, nikasogea dirishani nikachungulia uwanjani.

Baba yangu, Mzee Sifael, alikuwa amevaa koti lake la uzee wa kanisa. Kando yake alikaa kaka yake, baba mkubwa Zephania, ambaye katika ukoo wetu hakuna barua inayofunguliwa bila yeye wala ng'ombe anayehama zizi bila yeye. Mbele yao alikaa mshenga, Mzee Chande, muuza vitambaa wa Same, kanzu yake imetapakaa tope hadi magotini. Na pembeni kabisa ya uwanja, peke yake, amesimama Vitus. Mkono mmoja ameshika usukani wa pikipiki, mwingine ameshika kikombe cha chai ya tangawizi.

Vitus hakutakiwa kuwepo pale. Kwetu mposaji hafuatani na barua yake. Anakaa kwao anatetemeka mpaka aletewe jibu. Lakini mvua ya wiki nzima ilikuwa imekula barabara ya kupanda kwetu Chome, magari hayapiti, na Mzee Chande ana miaka sabini. Ikabidi Vitus ampakie yeye mwenyewe kutoka Same. Makubaliano yalikuwa amshushe kwenye kona ya chini, kisha ajifiche kwa majirani hadi mambo yaishe. Badala yake alipanda mpaka uwanjani, na alipokaribishwa kiti akakataa.

Nilisikia kila neno.

"Kijana, karibu ukae," baba alimwambia.

"Ahsante mzee, nitasimama tu."

Kwetu mtu anayekataa kiti nyumbani kwako amekuja kudai au amekuja kukutukana. Baba mkubwa akakohoa.

"Labda hakusikia," akasema. "Kijana, kiti hicho. Kaa."

"Nimesikia mzee wangu, nashukuru sana. Pikipiki haitasimama nikiiacha. Stendi ina shida kidogo."

"Imekatika?" baba akauliza.

"Haijakatika, mzee."

"Imepinda?"

"Haijapinda."

"Ina shida gani sasa?"

Vitus akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama lile pazia langu kwa nukta moja tu, macho yake makubwa yenye uchovu, kisha akatazama chini. Nikaona shingo ya baba mkubwa inavimba.

Hapa lazima niseme ukweli unaoniumbua. Mimi nilijua ile shida ni nini, kwa sababu shida yenyewe nilikuwa mimi.

Ile pikipiki si boda za kawaida mnazozijua. Vitus aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka Afrika, akafika Same, nguvu zikamwishia. Ni ndefu, imeinuka juu kwa ajili ya mawe na makorongo, na Vitus akiikalia na ile miguu yake mirefu utadhani walizaliwa pamoja. Anaitumia kubeba chanjo na kuchukua sampuli za damu kutoka zahanati za mlimani kuzipeleka hospitali. Ndivyo tulivyojuana. Na kila Jumatano, kwa mwaka mzima, akishaleta chanjo zangu ananiachia pikipiki, mimi naendesha vitongojini kuwachanja watoto, yeye ananisubiri zahanati akisoma gazeti la mwezi uliopita. Baba hakujua. Baba alishasema siku ya kwanza nilipoajiriwa kwamba binti yake hatashika usukani wa pikipiki maadamu yeye baba yu hai, na mimi nikaitikia, "Ndiyo, baba." Nikamwapisha Vitus asiseme kwa mtu yeyote.

Jumatano ya wiki ile nilianguka. Nilisimama mbele ya akina mama kumi na tano waliopakata watoto, nikashusha mguu wa kulia kutafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Pikipiki ikanilalia polepole kwenye majani ya viazi. Walicheka mpaka watoto wakaamka. Nilirudi kwa Vitus nimejaa tope na hasira, nikamwambia aishushe ile pikipiki ifike kwenye miguu yangu au asinitafute tena.

"Nitaishusha," akasema. "Ila stendi itabidi ikatwe pia, ikaungwe upya. Ikibaki ndefu itaisimamisha wima, itakuwa inaangukia upande wa pili. Na fundi Kassimu hana umeme wa kuchomelea mpaka Jumatatu. Tusubiri."

"Ishushe kesho. Stendi si kitu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Alhamisi akabadilisha vyuma vinavyobeba shokapu ya nyuma, akaishusha na mbele, vidole vinne vizima. Ijumaa mvua ikafunga barabara. Jumamosi huyo hapo, ameshika usukani kwenye uwanja wa baba yangu, mwanaume mwenye futi sita amekunja mgongo juu ya pikipiki ya mtu mfupi, anakataa viti.

Shangazi alirudi na sinia la chai ya pili, akanikuta dirishani.

"Huyo ndiye unayemlilia?" akanong'ona. "Hana adabu huyo. Zephania amempa kiti mara mbili!"

"Hawezi kukaa, shangazi."

"Ana jipu?"

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno, likarudi. Mwoga ni mimi, wala sitafuti jina zuri zaidi.

Wazee waliposimama kwenda nyuma ya nyumba kushauriana, na Mzee Chande akaomba maji ya kutawadha, uwanja ukabaki na Vitus peke yake. Nikafungua dirisha.

"Vitus! Sogea hapa."

Akaisukuma pikipiki taratibu hadi ukutani, bila kuiegemeza, maana chokaa iliyopakwa kwa ajili ya posa ilikuwa haijakauka. Kwa ukaribu ule nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kushika. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye tope lililokaukia shavuni. Nilitamani kulipangusa, nikazidi kukasirika kwa kulitamani.

"Kwa nini hukuiacha kule chini kwenye kona?"

"Nimejaribu. Kwenye kona kulia ni korongo, na njia ni nyembamba, huwezi kuigeuza. Nikishusha stendi inasimama wima, inafikiria kidogo, halafu inaanza kwenda na korongo lenyewe. Nikaenda kwa jirani yenu, mama Hedwiga, nikaiegemeza kwenye mgomba wake."

"Ehe?"

"Mgomba umekatika. Na mkungu juu yake."

"Mungu wangu. Basi ilaze chini! Ilaze uje ukae kama watu."

"Niilaze, imwage petroli kwenye uwanja wa baba yako siku ya posa? Ungependa jibu la namna gani baada ya hapo?"

"Basi chimba kishimo mguu wa stendi uzame, isimame."

Akanitazama kana kwamba nimeomba achimbe kaburi. "Kwenye uwanja wa Mpare? Raheli, mimi mtoto wa mjini lakini si mjinga. Nikichimba hapa bila ruhusa, Jumatatu tunaonana baraza la kata, na kesi itatumaliza sisi na wajukuu."

"Omba ruhusa!"

"Wataniuliza kwa nini stendi ni ndefu. Niwaambie nini? Kwamba stendi ni ileile, pikipiki ndiyo imekuwa fupi? Baba yako ataniuliza nimeifupisha kwa ajili ya nani."

"Sema kwa ajili yako."

Akatazama miguu yake, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, na lile tabasamu lilinichoma.

"Waambie ukweli basi," nikasema. "Nimekufungulia kiapo. Sema tu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si wangu kuusema. Baba yako asikie kwa mgeni, tena mbele ya kaka yake, kwamba mwanawe amemdanganya mwaka mzima? Nitakuwa nimepata mke kwa kumuuza. Sitaki."

"Kwa hiyo utasimama hapo mpaka wakufukuze."

"Nitasimama."

"Na mimi je? Hunionei huruma mimi? Wakikataa barua leo, hairudi mwaka huu! Baba mkubwa akisema hapana ni hapana. Halafu unaniletea ushujaa wa kushika pikipiki! Mjinga mkubwa wewe, Vitus, sijui hata nilikupendea nini."

"Hata mimi huwa najiuliza," akajibu kwa upole.

Ningempiga. Naapa kama si nondo za dirisha ningempiga, kisha ningemkumbatia, halafu ningempiga tena. Nilikuwa nimepitisha mkono kati ya nondo, nimeshika kola ya shati lake, sikumbuki nilitaka kuivuta au kuisukuma. Na hapo ndipo baba mkubwa alipotokea kwenye kona ya nyumba.

"Aha!"

Nikaachia kola. Tulikuwa tumechelewa.

"Sifael, njoo uone! Njoo uone huyu mtu wa watu!" Mimi nilimjua baba mkubwa, furaha yake ya kukasirika ilikuwa kubwa kuliko hasira yenyewe. "Kiti amekataa mara mbili. Ameulizwa swali na mwenye nyumba, amenyamaza. Tumempa mgongo dakika tano, yuko dirishani kwa binti! Mzee Chande! Mzee Chande, njoo upokee barua yako."

Mzee Chande akaja mbio, mikono inadondosha maji. "Mzee mwenzangu, tafadhali. Kijana ameshindwa tu na pikipiki. Nimekuja nayo mimi, nimeiona, haisimami."

"Pikipiki zote za Chome zinasimama. Ya huyu tu ndiyo inataka kushikwa mkono kama bibi harusi? Na kama ni mbovu, binti yetu atapakiwa kwenye kitu kibovu?"

"Si mbovu, mzee," Vitus akasema.

"Kumbe unaongea! Haya, ina nini?"

Vitus akakaza mikono kwenye usukani.

"Unaona, Sifael? Dharau. Watu wa mjini wanatuona sisi wa huku juu tumelala. Barua hii hapa." Akaitoa mfukoni mwa koti, bahasha nyeupe yenye jina la ukoo wetu kwa mwandiko mzuri wa Vitus, akamnyooshea Mzee Chande. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, uso umemshuka. Mzee Chande hakunyoosha mkono kuipokea. Bahasha ikabaki hewani.

Sijui niliufikiaje mlango. Shangazi alinidaka kitenge, nikamwachia kitenge, nikatokea uwanjani na gauni la ndani ya nyumba na miguu mitupu. Siku ya posa! Nilimsikia nyuma yangu analia kama msibani.

"Raheli, rudi ndani!" baba mkubwa akafoka.

"Sirudi, baba mkubwa. Shikamoo, Mzee Chande."

"Marahaba, mwanangu," mzee wa watu akajibu kwa hofu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Vitus, nikashika usukani juu ya mikono yake. Ilikuwa ya baridi. "Achia."

"Raheli, usi..."

"Achia nimekwambia."

Akaachia. Nikakunja gauni, nikarusha mguu, nikakaa. Nyayo zangu zote mbili zikatua chini, bapa, kisigino na vidole.

"Baba, tazama miguu yangu," nikasema. "Halafu mtazame yeye. Pikipiki hii ilikuwa inamfika yeye. Juzi ameishusha initoshe mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeiendesha. Kila Jumatano. Mwaka mzima sasa. Leseni ninayo, iko ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Stendi imebaki ndefu kwa sababu sikutaka kungoja ikatwe. Yeye alisema tungoje. Mimi nikakataa."

Nikaendelea, maana ningenyamaza ningelia.

"Mmemwita hana adabu. Saa mbili nzima amesimama mnamtukana, na neno moja tu lingemkalisha, hakulisema kwa sababu lingeniumbua mimi. Nani hapa hana adabu? Mimi ndiye niliyekudanganya, baba. Nifukuze mimi. Lakini barua ya watu msiirudishe kwa kosa langu, na kiti mlichompa mtu kwa hasira si kiti!"

"Sifael!" Baba mkubwa alikuwa amepata sauti. "Umesikia kwa masikio yako? Mwanao anaendesha mapikipiki milimani, na amekuja hapa na gauni la kulalia kutufundisha viti! Mimi nimemaliza."

Baba alimpa mgongo. Alinitazama kwa muda mrefu, na sijawahi kutazamwa hivyo. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukitumia. Nilikuwa tayari anipige. Kwa kutazamwa vile sikuwa tayari.

"Mwaka mzima," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nikikuuliza umefikaje vitongojini, unaniambia umetembea."

"Ndiyo, baba."

"Hilo tutaongea mimi na wewe, na hutalipenda." Kisha akamgeukia Vitus. "Na wewe. Ungesimama hapo hadi saa ngapi?"

"Hadi mniambie niondoke, mzee."

"Na tungekuambia uondoke?"

"Ningempakia Mzee Chande, ningeondoka. Jumamosi inayofuata ningerudi kuomba radhi kwa jirani niliyemvunjia mgomba, halafu ningeleta barua nyingine."

"Bila kusema?"

"Bila kusema, mzee. Angesema mwenyewe akiwa tayari."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Akavua koti lake la uzee wa kanisa, akalikunja, akaliweka juu ya kile kiti ambacho Vitus alikikataa. Akaenda nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa na jembe begani.

Ule uwanja, ndugu msomaji, ndio kiburi cha baba yangu. Huku kwetu kila kitu kimelala upande. Ukidondosha chungwa utalifuata mpaka Gonja, huko chini. Baba aliukata ule mlima kwa mikono yake viangazi viwili, akapima kwa pima maji ya fundi mwashi, akaushindilia hadi ukawa sawa kama meza, na tangu hapo hajaruhusu hata kuku kuuparura. Alikuja akasimama kando ya pikipiki, akachutama, akatazama ile stendi na mguu wake mrefu.

"Isogeze kidogo, Raheli," akasema. "Hapo. Mguu wake unatua wapi?"

Nikashusha stendi kwa kisigino. Akaweka alama kwa kidole cha gumba.

"Kina gani?"

Vitus akachutama kando yake. "Vidole vinne, mzee. Vinatosha."

Baba akanyanyua jembe.

"Sifael!" baba mkubwa akasema, safari hii bila kufoka, kwa mshangao mtupu. "Uwanja wako! Unachimba nini?"

Jembe likashuka mara moja, likashuka tena. Udongo mwekundu ukaruka hadi kwenye miguu yangu mitupu. Baba hakuinua kichwa.

"Nachimba mahali mkwe wangu ataegesha pikipiki yake," akasema.

Nyuma yangu shangazi Beatha aliacha kulia katikati ya kilio. Mzee Chande akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo sana, na baba mkubwa akabaki na bahasha yake mkononi, haijui iende wapi.

Baba alipomaliza akafuta jasho, akarudi nyuma hatua moja. Nikaushusha mguu wa stendi kwenye shimo. Pikipiki ikainama kushoto, ikatulia. Nikashuka polepole, nimeishika bado kwa mikono miwili, siamini.

"Iachie," baba akaniambia.

Nikaachia.

Kisha baba akachukua koti lake kutoka kwenye kiti, akakipangusa kiti kwa mkono wake uliojaa udongo, akakichafua zaidi, akamsogezea Vitus.

Vitus akakaa.